Sanamu la Baba Ukingoni mwa Mgodi

Kijiji cha Chivhere,
S.L.P. 40,
Guruve, Zimbabwe.
14 Septemba 2023

Mpendwa kaka Fungai,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Shemeji Loveness anaendeleaje na baridi ya huko? Na mwanenu Tadiwa, goti lake limepona? Sisi tu wazima, ila shangazi Sekai presha imempanda, na sababu yake utaijua punde.

Mgodi wa kromu umefika nyuma ya zizi letu. Kijito kimekuwa na rangi ya kutu, na ng'ombe wawili wa jirani yetu Chipato walitumbukia shimoni wasitoke. Mimi sina wakili, nina patasi. Mawe wanayoyatupa wachimbaji nayachonga, kisha nayasimamisha ukingoni mwa shimo yawatazame: mwanamke na ndoo tupu, ng'ombe aliyevunjika shingo. Sikuyapaka nta yang'ae, maana si ya watalii. La tisa ni baba, ameketi juu ya kaburi lake mwenyewe.

Jumatatu alikuja msimamizi wao, akalizunguka lile la ng'ombe akilipapasa.

"Fundi, una mkono wewe! Hili tutaliweka getini kwetu, na maua pembeni."

Nikamwambia aguse tena aone. Akacheka, akatoa karatasi.

"Unajisumbua bure, bwana. Makaburi yanahama mwezi ujao. Kaka yako ndiye mkubwa, na ameshakubali."

Nilidhani ananitania, mpaka nilipoiona saini yako, ile F yenye mkia.

Kaka, nimekasirika. Jiwe la juzi nimelipasua. Miaka kumi na moja uko Leicester, leo unamhamisha baba kwa karatasi uliyotumiwa kwa simu! Hata shangazi hukumuuliza, naye ndiye dada wa marehemu. Tangu lini kaburi la kwetu likaguswa bila shangazi kutamka? Na usiniambie walikudanganya kuwa ni karatasi ya kutuchimbia kisima. Mtu mzima husoma kwanza. Mkataa kwao ni mtumwa.

Tangu Jumatano shangazi ametandika mkeka pale kaburini. Msimamizi alipomsihi aondoke, alimjibu:

"Mwanangu, sina ugomvi nawe. Aliyekubali ndiye aje apige magoti hapa, apige makofi ya heshima, amwambie kaka yangu kwa kinywa chake kwamba anamfukuza. Akimaliza, chimbeni."

Yule bwana alivua kofia, akasema atangoja hadi mwisho wa mwezi ujao.

Wazee wamenitaka nikusemee kwa baba pale kaburini kwa kuwa uko mbali. Nimekataa. Njoo mwenyewe. Kama ni kuifuta saini, uifute. Kama ni kumfukuza baba, umfukuze sote tukikutazama.

Msalimie sana shemeji na Tadiwa. Chipato na mkewe wanakusalimu. Mungu na wazee wetu waliotangulia wakufungulie njia ya kurudi.

Shangazi hajakutumia salamu. Nilimuuliza mara mbili.

Mdogo wako, anayekupenda pamoja na hasira zake zote,
Taurai