Kushoto Juu ya Kulia

Jumapili, 2 Novemba 2025. Riyadh

Leo studio tumeigeuza Japani! Mikeka, taa ya karatasi, birika la chai. Wa kupigwa picha ya bango la maonyesho ya Jeddah ni Chiyo, mama wa Kijapani aliyenizidi umri kidogo. Kazi yangu ni kumvisha kimono, vazi lao la kukunjwa kifuani. Akanishika mkono, akanionyesha — upande wa kushoto unalala juu ya kulia. Ukigeuza, umemvisha maiti. Mimi nikacheka. Yeye hakucheka.

Ananiita Mwikali-san. Hiyo san ni heshima ya kwao. Bosi huniita "wewe". Miaka miwili sasa!

Jumatano, 5 Novemba

Mimi na Chiyo tumekunywa ile chai ya picha, imepoa, chungu kama mwarobaini. Tunaongea kwa simu inayotafsiri. Mumewe alifariki Machi, na Chiyo ndiye aliyemvisha kwa mikono yake, kulia juu ya kushoto. Nikamwambia mama yangu alizikwa nikiwa huku, mazishi nikayatazama kwenye simu. Tukalia kama watoto. Akaniwekea mkono begani. Mara ya mwisho kushikwa hivyo ilikuwa uwanja wa ndege, Nairobi.

Alhamisi, 6 Novemba

Balaa! Julius wa kompyuta ameigeuza picha, kama mtu anavyoonekana kwenye kioo. Eti Kiarabu huanzia kulia, kwa hiyo lazima Chiyo atazame huko kwenye maandishi. Sasa kulia kumelala juu ya kushoto. Nikamweleza. "Wacha stress, Mwikali, nani atajua?" Nikaenda kwa bosi. Halas, yamekwisha, akasema, bango limeshaondoka kwenda Jeddah.

Ikama yangu, kibali cha kuishi huku, inaisha mwezi huu na ni yeye wa kuihuisha. Nikarudi kazini. Hata Chiyo sikumwambia, na jioni tulikunywa chai tena. Najichukia.

Jumapili, 9 Novemba. Jeddah

Maonyesho yamefunguliwa. Bango ni refu kuliko mlango. Nilijibanza nyuma ya nguzo. Chiyo alisimama mbele ya bango muda mrefu, mkono kifuani, pale nguo inapokutana. Halafu bosi, kwa sauti, mbele ya wageni wote: aliyemvisha ni Mwikali wetu!

Kumbe jina langu analijua. Watu wakapiga makofi.

Nimekimbilia stoo, naandika juu ya boksi la taa. Ningemwambia Alhamisi tu, jamani! Atadhani ni mikono yangu iliyokosea, ikamvisha kama maiti.

Mlango unagongwa. Ni Chiyo. Anaita Mwikali — Mwikali tu, bila ile san.