Wasia Niliousikia

Jumatatu, 10 Novemba 1997

Mvua tena. Nimemwogesha Baba kwa maji ya vuguvugu, nimemgeuza ubavu, nimempaka mafuta ya nazi mgongoni. Mkono wa kulia umelala vilevile tangu kiharusi. Ulimi umerudi, mzito kidogo, lakini akili anayo yote. Uji ameunywa nusu, nusu ameuacha.

Hoteli haijafunguliwa. Nilipita Diani juzi, askari wa getini akaniambia nisijisumbue kabla ya mwaka mpya. Tangu fujo za Agosti wageni hawaji, na pasipo wageni hakuna mashuka ya kufua. Nimebaki na shamba la Baba kule Kikoneni. Michungwa imebeba vizuri. Nalihesabu ni langu. Nani mwingine analilima?

Baba ataka wakili. Asema aandike mambo yake mapema. Nimemtumia salamu Wakili Masudi wa Ukunda.

Alhamisi, 13 Novemba

Wakili alikuja. Kijana mpole, alimwamkia Baba kwa shikamoo kabla hajakaa.

Kwanza uwakili. Alimsomea Baba hati polepole, kwamba mimi nitasimamia mali yake na kutia sahihi kwa niaba yake, maadamu yu hai na ana akili timamu. Kisha akanigeukia. "Bi Mwanamisi, uwakili ni wa kumtumikia mzee, si wa kujitumikia. Na siku atakapofariki, nao umekwisha." Nikasema nimeelewa. Baba akatia kidole gumba.

Halafu wasia. Wakili akaniomba nitoke, ili kesho mtu asije akasema mzee alilazimishwa. Karani wake alikuwa barabarani, gari limekwama topeni. Nikatoka, lakini sikwenda mbali. Nilisimama nyuma ya pazia la mlango.

Baba alisema shamba la Kikoneni ni la Mwanasha.

Mwanasha, mdogo wangu. Yule aliyeolewa na Mutua, mpishi kutoka bara, akabatizwa, akaitwa Ester. Yule ambaye jina lake halikutajwa nyumbani humu mpaka mama alipofariki. Mwezi wa nane walipofukuzwa watu wa bara alikimbia na mumewe na watoto hadi Makueni.

Baba alisema, "Walimfukuza kama si wa hapa. Ni mwanangu, ni wa hapa. Mpe mahali ambapo hakuna atakayemwambia ondoka."

Wakili akamweleza kwamba kwa kuwa Mwanasha si Muislamu hatarithi, ila wasia wafaa kwa mtu asiyerithi, usipozidi theluthi ya mali yote. Shamba halizidi, ukihesabu nyumba na ng'ombe na minazi ya Bodo. Atapiga chapa, atarudi Jumanne asome mbele ya mashahidi, mzee atie kidole.

Niliingia na chai. Nimekasirika, sikatai. Nani anamgeuza usiku? Nani anafua matandiko?

Ijumaa, 14 Novemba

Sikuongea na Baba leo ila kwa lazima. Ameniuliza kama naumwa. Nimesema kichwa.

Jumatano, 19 Novemba

Wakili hakuja jana. Maji yamebeba daraja upande wa Ukunda, magari hayapiti. Baba aliuliza, nikamwambia barabara imekatika. Ni kweli.

Nilifurahi. Naliandika kwa kuwa hakuna wa kulisoma. Nilisikia daraja limekwenda, nikafurahi.

Jumapili, 23 Novemba

Baba mdogo Salimu, ndugu yake Baba, alikuja kumjulia hali. Kuhusu wasia hajui lolote. Uwakili anaujua, nilimwambia. Tulipokuwa uani akasema kwa nini nisiende Kwale, afisi ya ardhi, nikalihamisha shamba kwa jina langu ningali na uwezo. "Mwanasha alichagua dini yake na watu wake. Wewe ulichagua kukaa na baba yako."

Nilimwambia nitafikiri. Kumbe nilikuwa nimekwisha kulifikiri kabla hajasema.

Jumatano, 26 Novemba

Barabara imefunguka tangu juzi. Leo karani wa wakili alishuka kwenye basi, akaja kuuliza waje siku gani, hati iko tayari.

Nilimkuta mlangoni. Nikamwambia mzee ana homa kali, hawezi kukaa, nitawaita mwenyewe akipata nafuu. Akaondoka na pole nyingi. Baba akauliza kutoka ndani ni nani. Nikasema muuza makaa.

Hakuwa na homa. Alikuwa amekula samaki na wali asubuhi ile, akaomba aongezwe.

Jumatatu, 1 Desemba

"Mwanangu, wakili yuwaja lini?"

"Barabara, Baba. Bado."

Basi la kutoka Ukunda kwenda Lunga Lunga likapita nje likipiga honi. Sote wawili tulilisikia. Baba alinitazama kidogo, kisha akafumba macho. Hakuuliza tena.

Usiku sikula.

Alhamisi, 4 Desemba

Nilikwenda Kwale. Nilimwachia jirani Baba, nikasema nakwenda kutafuta dawa. Hati ya uwakili nilikuwa nayo mkobani. Nikapanga foleni afisi ya ardhi pamoja na watu wenye migogoro yao ya mipaka. Mama mmoja mbele yangu alikuwa analia kimya, mashemeji wamempora shamba. Alinishika mkono, akaniombea Mungu anifanyie wepesi katika langu.

Zamu yangu ikafika. Karani akaniuliza, "Mama, shida yako?" Maneno niliyokuwa nimeyapanga njia nzima yalinipotea. Nikasema nimekosea afisi.

Nilirudi bila dawa. Baba hakuuliza dawa. Najichukia.

Jumanne, 9 Desemba

Mwanasha amekuja.

Sikujua kama yuko njiani. Nilikuwa nachota maji, nikamwona anaingia uani na mtoto mgongoni, amekonda. Alipiga goti. "Shikamoo, dada." Nikasema marahaba. Mutua amebaki Makueni anahangaikia kazi. Kwao Mutua ardhi ni finyu na ndugu ni wengi, wanawahesabu kama wageni.

Baba alilia kwa sauti. Sikumsikia akilia hata siku mama alipofariki.

Jioni Mwanasha alifua matandiko yote. Nilimwambia aache, akakataa. Akasema, "Mungu akulipe, dada. Mimi nisingeweza haya uliyoyafanya." Nikaenda jikoni kuchambua mchele uliokwisha kuchambuliwa.

Kesho naenda Ukunda.

Jumatano, 10 Desemba

Nimekwenda. Basi la kwanza, nisije nikabadili nia. Wakili aliniuliza, "Homa imepoa?" Nikasema imepoa. Kesho yuko mahakamani Mombasa, atakuja Ijumaa asubuhi. Nilitaka kumwambia Ijumaa ni mbali. Ningemwambiaje, mimi niliyemzuia?

Nilimwambia Baba: wakili yuwaja Ijumaa. Akasema alhamdulillahi. Akaomba apunguzwe ndevu awe nadhifu. Mwanasha akampunguza kwa mkasi wangu, wanacheka.

Leo nimekula.

Ijumaa, 12 Desemba

Baba amefariki jana alasiri. Alisema maji, nikaenda kuleta, nikarudi nikamkuta amekwenda. Mwanasha alikuwa amemshika mkono.

Tumemzika leo asubuhi. Wanaume waliporudi kutoka makaburini ndipo gari la wakili likafika. Alishuka na mkoba wake, akawaona watu mkekani, akaelewa. Akaurudisha mkoba garini, akavua viatu, akaketi na wenzake.

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Sina jingine.

Jumatatu, 15 Desemba

Baada ya hitima wakili aliomba tukae kidogo. Tulikuwa mimi, Baba mdogo Salimu, Mwanasha na mwalimu wa msikiti. Akaeleza kwamba marehemu alitaka kumwachia Mwanasha shamba la Kikoneni. Hati isiyotiwa kidole ni karatasi tu. Lakini wasia wa mdomo nao ni wasia, kama umesikiwa na watu wawili.

"Mimi nilimsikia. Karani wangu alikuwa nje na gari. Je, kuna mwingine aliyemsikia mzee akiyasema haya?"

Hakunitazama. Ingekuwa heri angenitazama.

Baba mdogo alisema hakuna, ndugu yake hakumwambia mtu. Mwanasha aliinamia mkeka. Alikuwa ndiyo kwanza anasikia kwamba kulikuwa na wasia.

Nilinyamaza. Kisha nikainuka kwenda kuleta kahawa.

Jumanne, 16 Desemba

Leo pia nimenyamaza.

Jumatano, 17 Desemba

Mwanasha alikuwa anakunja nguo za mtoto. Kesho arudi Makueni. Akaniambia, "Usione vibaya, dada, kwa yale aliyosema wakili. Mimi sina dai. Wewe ndiye uliyemuuguza. Ukilima shamba lile nafsi yangu imeridhika."

Alikusudia kunipoza.

Nikamwambia nilimsikia Baba. Nilisimama nyuma ya pazia nikasikia yote. Nikamwambia na karani, na homa, na muuza makaa. Na Kwale. Niliyasema nimesimama kwa kuwa nilijua nikikaa nitalia, na sikutaka anionee huruma.

Aliiweka chini nguo aliyokuwa anakunja. Mtoto akawa anavuta khanga yake.

"Baba alisemaje? Nataka maneno yake mwenyewe."

Nikamwambia kama yalivyotoka. Akaniomba nirudie pale aliposema ni mwanangu, ni wa hapa. Nikarudia. Akatoka uani, akasimama ukutani akinipa mgongo. Aliporudi aliuliza jambo moja tu.

"Siku alipokuja karani, Baba alikuwa anaweza kusema?"

"Alikuwa anaweza."

Akambeba mtoto, akaenda kulala kwa jirani.

Ijumaa, 19 Desemba

Nimewaambia Baba mdogo na mwalimu, na wakili akiwepo. Baba mdogo alishangaa. "Wajua unajiumiza mwenyewe?"

"Najua."

"Na mimi waniumiza." Ni kweli, naye ni mrithi, kwa kuwa Baba hakuacha mtoto wa kiume. Alifikicha macho, akasema, "Basi. Siwezi kubishana na maneno ya ndugu yangu." Tangu hapo hajasema nami.

Mwalimu alisema ushahidi wa mrithi dhidi ya nafsi yake una uzito. Wakili akasema tutakwenda kwa kadhi sote, na hati yangu ya uwakili nimrudishie. Nikampa. Akaikunja. Nilitarajia atanilaumu, nilikuwa nimejiweka tayari. Alisema asante tu.

Jumatano, 14 Januari 1998

Kwale, mahakama ya kadhi. Saumu na jua kali. Niliulizwa nilikuwa wapi nilipoyasikia maneno. Nikasema nyuma ya pazia. Nikaulizwa kama marehemu alijua kuwa nipo. Nikasema sijui. Nikaulizwa kwa nini wakili hakurudi mapema barabara ilipofunguka.

Nikasema nililitaka shamba.

Watu walikuwa wengi ukumbini. Mwanasha alikuwa nyuma yangu, sikugeuka. Kadhi aliandika, akauliza kama Salimu ana pingamizi. Baba mdogo akasema hana. Wasia ukakubaliwa.

Nilidhani nikisema mbele za watu nitapata wepesi. Nimerudi na uzito wangu uleule. Ile siku ya basi na honi hairudi. Angekuwa ametia kidole, angekufa akijua limekwisha. Shamba limefika kwa mwenyewe, lakini Baba amekwenda hajui.

Jumamosi, 7 Februari 1998

Hoteli imefungua upande mmoja. Nimeitwa nianze Jumatatu, kufua taulo tu kwa sasa.

Leo nilikwenda Kikoneni. Sikualikwa. Mutua amerudi kutoka bara, anasimamisha nguzo za nyumba, watoto wanamkorogea udongo kwa miguu. Alinisalimu kwa heshima. Mwanasha alikuwa analima chini ya michungwa, mvua imeleta magugu ya kutisha. Nilisimama pembeni sijui nifanye nini. Akaniona. Akaenda akachukua jembe jingine, akaliweka karibu yangu, akarudi kulima.

Tukalima. Yeye mstari wake, mimi wangu.

Adhuhuri ilipoingia alinipa maji ya kutawadha, akanitandikia mkeka kivulini. Nilipomaliza kusali nikakuta sahani ya muhogo. Tulikula. Mtoto mdogo alinilalia pajani akasinzia, na Mwanasha hakumwondoa.

Nilipokuwa nafunga khanga niondoke alisema palizi haijaisha, ule upande wa bondeni haujaguswa. Alisema huku akitazama bondeni.

Nikamwambia nitakuja Jumamosi.