Hatua Arobaini za Nungu

Jumatano, 7 Julai 1993

Vitabu vimefika! Nakala ishirini. Kondakta wa basi la Mwanza aliziacha dukani kwa muuza mafuta ya taa, kwa hiyo zote zinanuka taa. Sijali. Nimekinusa kimoja mara tatu. Miaka minne ya barua, mara mhariri yuko likizo, mara karatasi zimeadimika, na leo jina langu liko juu ya jalada. *Nungu na Jiwe la Bibi*. Winfrida Waitara. Nimetumia jina la baba. Mume wangu Nashoni atanuna kidogo, lakini yuko huko Natta anawakaangia watalii mayai, akitaka anunie sufuria.

Ukurasa wa kwanza nimeandika: Kwa baba yangu, Mzee Waitara, aliyenipa hadithi hii. Ni kweli. Alirudi kutoka migodini na kifua kibovu, na kabla hakijamuua alinisimulia kila siku habari za nungu mla mahindi aliyeokota jiwe la manjano, akashindwa kulitafuna, akalificha.

Nimemsomea binti yangu Wegesa jikoni, maharage yakaungua. Pale Nungu anapotembea hatua arobaini kutoka kwenye jiwe la kusagia, kuelekea jua linakochomoza, tumehesabu wote kwa sauti. Hizo hatua ni ujanja wangu wa ualimu. Mtoto wa darasa la kwanza akisoma, ahesabu pia.

Msomaji wangu wa kwanza ana lawama moja tu. Anasema mchoraji amekosea: jiwe la kusagia la bibi liko kando ya zizi, yeye ameliweka chini ya kihenge. Na nyumba ya Mogesi, ya pale pale kwa bibi, haipo kabisa. Nimemwambia wachoraji wa mjini ndivyo walivyo. Nilimtumia huyu wetu picha ya mji wa mama, nyumba na zizi na vyote, ile ya zamani ambayo baba amesimama na fimbo, ili asije akatuchorea minazi. Kwa hilo nashukuru. Hata mti wenye kovu ameuweka.

Jumanne, 13 Julai

Nyangwine alipita shuleni. Mwanafunzi wangu huyo, nilimfundisha kusoma mwenyewe, darasa la tatu, magoti hayaingii chini ya dawati. Sasa ana kundi la watu kumi na mmoja na duara lao, shimo la kuchimba dhahabu, ng'ambo ya kijito. Wamechimba tangu mvua za mwaka jana na hawajapata kitu cha kujaza kijiko. Amekonda.

Alichukua kitabu akakaa nacho kwenye ngazi, akasoma chote. Kidole kwenye mstari, midomo inacheza. Nilisimama nyuma yake nikajisikia vizuri mno.

Akaniuliza kama kweli mzee ndiye aliyenisimulia. Nikasema neno kwa neno. Akauliza kama mji huu kwenye picha ni kwa mama. Nikasema hata mti ni ule ule, hebu angalia. Akanishukuru sana, mwalimu, mwalimu, akaondoka na kitabu chini ya shati.

Mwandishi akisifiwa anakuwa mjinga. Nilipika pilau.

Ijumaa, 16 Julai

Mwandiko wa leo utakuwa wa kuku.

Mogesi alikuja mbio darasani, mtoto mgongoni. Mogesi ni mke wa mama. Mimi nilizaliwa peke yangu, tena wa kike, na nimeolewa, kwa hiyo baba alipokufa mama alitoa ng'ombe akaoa, kama ilivyo kwetu, nyumba isizimike. Ndoa ya nyumba ntobhu. Watoto watatu wa Mogesi ndio wenye mji ule, wanaitwa wa Waitara kama mimi.

“Wifi, njoo. Wanaume wanapima uwanja na kitabu chako.”

Nilikuta ni kweli. Nyangwine mbele, kitabu kimefunguliwa ukurasa wa tisa, wenzake nyuma na sururu. Walikuwa wameanzia kwenye jiwe la kusagia, kando ya zizi, wakahesabu arobaini kuelekea mashariki. Arobaini ikaangukia kwenye kaburi la baba.

Mtaimbo ulikuwa umeshachomekwa miguuni pake. Na mama ameketi juu ya kaburi, miguu ameinyoosha, anachambua mchicha.

“Nyangwine,” nikamwambia, “hiyo ni hadithi ya watoto. Kuna nungu anaongea!”

“Nungu haongei, mwalimu, hilo tunalijua. Mzee alificha neno ndani ya nungu. Watu wa zamani walikuwa hivyo.”

“Arobaini niliiweka mimi. Ili mhesabu.”

Akanitazama kwa huruma. Huruma! “Mzee alichimba miaka ishirini,” akasema. “Alikufa na siri, mtoto wake mmoja tu. Angemwambia nani?”

Hawakuchimba. Mama hakuinuka. Waliondoka saa kumi, mtaimbo wakauacha pale pale.

Jumatatu, 19 Julai

Barua ya mhariri. Watoto wa Mwanza wamependa. Wanauliza Nungu alilifanyia nini lile jiwe, niandike kitabu cha pili upesi. Ningecheka kama si kulia.

Halafu nikapata wazo. Nikaandika kurasa tano bila kunyanyua kichwa: Nungu anarudi usiku wa mvua, anafukua jiwe, anasafiri nalo hadi Mto Mara, analitumbukiza kwenye maji kwa sababu limewagombanisha wanyama wote. Kwisha. Halipo tena kwa bibi.

Nikazibeba hadi kwenye duara la Nyangwine, nikawasomea. Walikaa chini juu ya udongo wao, watu wazima kumi na wawili. Nilipofika kwa mamba wa Mto Mara, mmoja wao alicheka. Sijawahi kupata darasa tulivu kama lile.

Nilipomaliza Nyangwine akakuna kichwa. “Nzuri, mwalimu. Lakini hii umeitunga. Inasikika. Ile ya kwanza haikutungwa.”

Mhakiki mkali kuliko mhariri wangu, na nimemfundisha a-e-i-o-u mimi mwenyewe. Nimerudi nyumbani nimekasirika, na sehemu ya hasira, Mungu anisamehe, ni kwamba kuhusu zile kurasa tano alisema kweli.

Alhamisi, 22 Julai

Mwenyekiti wa kijiji amenawa mikono. Anasema kaburi ni jambo la ukoo. Kwa hiyo Mzee Wangwe, mkubwa wa ukoo wetu, ameitisha iritongo Jumapili palepale kwa mama, wazee wote wakae waamue. Nilimwamkia shikamoo, akaniacha nimeinama muda mrefu kabla hajaitika.

Neno lake ni hili. Mwanamke hasimami iritongo, lakini kitabu ni changu. Nitaweka mkono juu ya kaburi niape kwamba baba hakunionyesha mahali popote. Nikiapa, kundi linaondoka na atakayegusa mji ule atatozwa ng'ombe. Nikikataa, maana yake pana kitu, na wataruhusiwa kutafuta mpaka wakipate.

Kiapo cha kaburini si cha kanisani. Ukiapa uongo, kinakula watoto wako kwanza. Nimeona nyumba zilizoisha hivyo, au watu walisema zimeisha hivyo.

Lakini sina cha kuogopa. Hatua ni zangu. Nitaapa asubuhi, mchana nitakunywa chai.

Jumamosi, 24 Julai

Nashoni amefika jana na gari la kambi, amebeba mkate mweupe na habari za tembo walivyomaliza mahindi ya shemeji yake huko Robanda. Hakununa kuhusu jina. Amesoma kitabu mara mbili, amelala kikiwa kifuani. Nampenda mtu huyu.

Kuhusu kiapo aliniambia, “Mama Wegesa, wewe apa. Kama ni uongo ni uongo, unaogopa nini?”

Siogopi, nikasema. Tukaenda kwa mama mchana baada ya ibada ya Sabato, mimi, Nashoni na Wegesa. Nashoni akabaki kutengeneza mlango wa zizi, Wegesa akimshikia misumari. Nilimkuta mama peke yake kaburini, nikakaa naye, nikamwambia asihofu, kesho naimaliza kazi hii.

Mama akauliza, “Utaapa nini?”

“Kwamba hatua arobaini nilizitunga.”

Akausawazisha udongo wa kaburi kwa kiganja. Halafu akasema, bila kunitazama, “Ulikuwa na miaka saba. Baba yako alikuwa anakushika mkono kila jioni mnatoka kwenye jiwe. Wewe unahesabu. Ukikosea anakurudisha.”

Nilitaka kucheka. Kisha miguu yangu ikakumbuka kabla yangu. Vumbi la moto. Mkono wa baba, kidole kisicho na kucha. Thelathini na tisa, arobaini, simama hapo mwanangu, umefika. Nilidhani ananifundisha hesabu. Maisha yangu yote nimesema baba alinifundisha hesabu.

Nikamwambia mama basi ni hapa, tumeketi juu yake.

“Hapa siyo. Jiwe lilikuwa kule, chini ya kihenge. Nililisogeza mimi, nikasaidiwa na vijana, mwaka ule nilipomwoa Mogesi. Na miguu yako ilikuwa mifupi.”

Akaonyesha kwa kidevu. Nyumba ya Mogesi.

Mama aliijenga pale makusudi. Baba aliona watu wanafukiwa hai huko migodini, marafiki zake wawili. Alimwambia mama, pale pasichimbwe, pakae watu. Mtoto wa kike nimemwonyesha, akasema, ili siku moja ajue, lakini wewe weka watu juu. Mama hajui kama pana dhahabu kweli au ni ndoto ya mgonjwa. Hajawahi kutaka kujua. Alitafuta mke, akajenga nyumba, watoto watatu wamezaliwa juu ya sakafu ile.

“Mogesi anajua?”

“Mogesi anajua ana nyumba.”

Nikawaza: nikisema ukweli, nyumba ile haifiki jioni. Mogesi hana kwingine. Kwao walishakula ng'ombe, na kwetu mke anayetoka na watoto wasio na mji ni mtu wa kutangatanga. Nikikataa kuapa, wanaanza na kaburi la baba na hawataishia hapo. Nikiapa, ninaapa uongo juu ya baba yangu mwenyewe, na mwenye kulipa ni Wegesa.

Nimemwambia Nashoni njiani, kwa sauti ndogo. Akasema yeye ni Mkristo, haamini kiapo. Halafu akambeba Wegesa mgongoni, mtoto wa miaka saba mwenye miguu mizima, mpaka nyumbani.

Ukurasa ule ule nilioandika kwa ajili ya baba ndio uliowaleta. Aliificha siri vizuri. Mimi ndiye niliyeipeleka kiwandani ikachapwa nakala elfu mbili.

Jumapili, 25 Julai

Niko kwa mama. Naandika kwenye daftari la shule, kwenye kigoda, kwa sababu mwenye kuandika hasemeshwi. Wazee wameanza kufika. Mzee Wangwe yuko kwenye kiti, fimbo magotini. Kundi la Nyangwine wamekaa kando ya zizi, wamenawa nyuso, mashati safi. Hakuna aliyekuja na sururu. Hiyo ndiyo inayoniogopesha, wamekuja kwa adabu.

Mama kaburini, mahali pake. Nashoni amesimama nyuma yangu.

Mogesi mlangoni kwake na ungo, anapepeta mtama. Kaniuliza asubuhi kama nimekula. “Wifi, kunywa hata uji, kusimama mbele ya wazee kunataka tumbo lililoshiba.” Nikanywa uji wake, ndani ya nyumba yake, nikatazama sakafu.

Nimeamua. Nitaapa. Nilipiga magoti usiku, nikamwomba Mungu kile kiapo kinitafute mimi, kimwache mtoto. Sijui kama viapo vinajua kusoma anwani.

Mzee Wangwe anasema tungoje wazee wawili ambao bado hawajafika, halafu niitwe.

Wegesa ameondoka kwenye mkeka. Ana kitabu. Nilimwambia akiache nyumbani. Amesimama mbele ya Nyangwine, anamwonyesha ukurasa wa tisa, anamwambia kitu. Nyangwine ameinama kumsikiliza.

Nashoni anasema, anamwambiaje?

Nimesikia. Sauti yake ya darasani, ya kujibu swali. “Mlihesabu vibaya. Angalia, jiwe la bibi lilikuwa hapa, chini ya kihenge. Na nyumba ile haikuwepo. Mama alisema mchoraji amekosea, lakini hii ni ile picha ya babu, yenye fimbo.”

Mama ameacha kuchambua mboga.

Wegesa amekwenda kwenye kihenge. Ameangalia kitabu, ameangalia chini, amepanga visigino vyake sawasawa pale kuku wanapooga vumbi. Amegeukia jua.

Naweza kumwita. Neno moja, njoo, na atakuja, ni mtoto mtiifu. Lakini Mzee Wangwe ameshageuza kiti. Nikimwita sasa, kila mtu hapa atajua ni kwa nini.

Moja, mbili. Anahesabu vizuri, haruki. Nashoni ameniwekea mkono begani. Kumi na sita. Kumi na saba. Wazee wanatabasamu, wanaona ni mchezo. Mogesi naye anatabasamu, anamwona mtoto anakuja kwake, ameweka ungo chini ili ampokee.

Nyangwine hatabasamu. Amesimama, kidole kwenye mstari, na anahesabu pamoja naye kwa midomo tu, kama nilivyomfundisha. Ishirini na tisa. Thelathini