Kutu Chini ya Rangi ya Bluu

Baba,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini siwezi kuanza bila hiyo.

Pikapu yako bado iko nyuma ya nyumba, hapa Mkata. Lile tundu la sakafuni nimeliziba. Mama hatakunja tena miguu na kukuuliza, "Baba Zaina, tumepanda gari au tunatembea?" Nilikata bati la pipa, fundi akalichomea. Taa ya mbele inawaka. Mlango wa kushoto bado unafungwa kwa kamba yako ya katani. Hiyo sikuigusa.

Ikabaki rangi. Na rangi ndiyo inayonifanya nikuandikie.

Likizo ile ulinipa msasa na brashi ya waya, ukaenda shamba. Ulisema, "Kwangua mpaka chuma king'ae, ndipo upake." Nilikwangua mlango wa dereva tu. Mikono ikauma, jua likawa kali, kwingine kote nikapaka bluu juu ya kutu. Uliporudi gari linameremeta, ukaniita fundi. Nikanyamaza. Unanijua, Baba. Hata darasani mwalimu akiuliza kwa Kiingereza kwa nini chuma kinashika kutu, jibu ninalo, mkono haunyanyuki.

Masika ikaja, rangi ikafanya malengelenge, ikabanduka. Ukaenda Korogwe kwa rafiki yako Mzee Mbelwa, aliyekuuzia ile rangi, ukamwita tapeli mbele ya wateja wake. Mimi nilikuwa garini, nasikia yote. Alikuuliza, "Mbona mlango huu mmoja haujabanduka? Rangi si ile ile?" Hukumsikiliza. Tangu siku hiyo hukumpa tena hata salamu.

Siku tuliyokuzika, Baba Mkubwa aliuliza kama yupo uliyemkosea, akusamehe. Nilikuwa kwenye mkeka na akina mama. Nikaisikia sauti ya Mzee Mbelwa kule kwa wanaume: "Nimemsamehe."

Baba, alikusamehe kosa langu. Nikajifunika khanga. Waliniona nalia, wakadhani ni msiba tu.

Jumamosi iliyopita nikapanda basi mpaka Korogwe. Nilizungukazunguka mbele ya duka mpaka wateja wakaisha. Hotuba niliyoipanga njia nzima ikapotea. Nikasema, "Shikamoo mzee. Sikukwangua."

Akaniuliza, "Ila mlango wa dereva?"

"Ndiyo."

Akacheka mpaka akavua miwani. "Si nilimwambia! Mzigua na kichwa chake!" Halafu hakuirudisha miwani. Alikuwa anafuta macho, na mimi sikujua pa kuangalia.

Jana amekuja mwenyewe na kopo la bluu. Akalikalia. Kasema halifunguki mpaka chuma king'ae, maana Mshambaa hatukanwi mara mbili kwa gari moja. Tumekwangua mpaka adhuhuri, yeye ubavu wa kushoto, mimi wa kulia. Mara moja tu aliuliza kama ulikuwa ukimtaja. Nikamwambia ukweli, kwamba kila tulipopita Korogwe ulipunguza mwendo mbele ya duka lake, kisha ukaongeza.

Nakuahidi, rangi ikikauka, safari ya kwanza tunamleta hapo ulipolala, akusalimie. Nami nitakueleza yote haya kwa sauti, yeye akiwepo, maana kwenye karatasi ni rahisi mno.

Mlango wako wa dereva sitaupaka upya. Haujabanduka mpaka leo.

Pumzika, Baba.

Mwanao,
Zaina