Nilipima Dishi kwa Upana wa Televisheni

Shangazi yangu wa gazetini,

Nisaidie haraka kabla sijapanda juu ya paa, maana mwili huu wa miaka hamsini na miwili haukuumbiwa ngazi. Mimi ni fundi cherehani na furaha inataka kunipasua kifua: binti yetu wa mwisho, ambaye mtaa mzima unamwita Chenga, anachezea timu ya mpira ya wanawake nchi ya mbali, huu mwaka wa tatu hajatia mguu nyumbani, na juzi kapiga simu akipiga kelele kwamba Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa kumi jioni, anaanza kikosi cha kwanza, na mechi itarushwa moja kwa moja, bure, kwenye chaneli ya huko, ila ni kwa wenye dishi tu. Mama yake alirusha kitambaa cha kichwa juu, mimi nikakata suruali ya mteja ikawa kaptula, yaani nyumba ilikuwa vurugu tupu.

Sasa sikia ujinga wangu. Nilichukua tepu yangu ya kupimia, nikapima televisheni kona hadi kona, ikaja inchi ishirini na nne, nikajiambia mtu huvaa suruali ya kiuno chake, basi televisheni ya futi mbili itavaa dishi la futi mbili, nikaenda dukani bila kumuuliza mtu, nikalinunua, nikalifunga ukutani mwenyewe, kisha nikakaa mbele ya skrini kama bwana harusi. Ikaandika: hakuna mawimbi. Nikalizungusha kushoto, hakuna mawimbi. Kulia, hakuna mawimbi. Mke wangu akatokeza kutoka jikoni, "Baba Chenga, mbona hiyo chaneli ya mtoto haionekani?" na mimi, badala ya kusema ukweli, nikamwambia chaneli ile hufunguliwa siku ya mechi tu. "Kumbe!" akasema, akaenda kuwaalika dada zake wote wawili.

Basi mke wangu alipokuwa kazini, yeye ni mpishi wa shule, nikamwita fundi wa madishi kwa siri. Akalitazama dishi langu, akanitazama mimi, akacheka mpaka akashika ukuta. "Mzee wangu, hili umeliweka likinge nini, maji ya mvua?" Akanieleza kwamba chaneli hiyo inatoka kwenye setilaiti ambayo mawimbi yake yakifika huku yamekwisha choka, kwa hiyo inataka dishi la futi sita, na uani kwetu anga iko wazi kwa upande huo mahali pamoja tu, pale penye kamba ya nguo ya mke wangu, ambapo hata soksi sithubutu kuanika bila ruhusa. Mwenye duka naye ananishawishi nichukue la futi nane nilipandishe juu ya bati: "Kubwa halikosi, mzee, hilo litanasa mpaka mazungumzo ya mwezini!" Nikilipandisha mke wangu akiwa hayupo, kamba yake inapona na uongo wangu unapona. Nikichukua la futi sita, sharti nimwambie yote. Je, nichukue hilo la futi nane? Au siku ya mechi nizime umeme niseme umekatika?

Mimi, Mzazi wa Mshambuliaji

Mzazi wa Mshambuliaji,

Hongera! Nimeisoma barua yako nimesimama, na wenzangu ofisini wameuliza nani kafunga. Sasa kaa nikuseme.

Mimi si mtaalamu wa anga, hata redio yangu huiwasha kwa kuipiga kofi, kwa hiyo nimempigia fundi ninayemwamini. Anasema hivi: dishi halivishwi televisheni. Uwe na skrini ya ukubwa wa sahani au ya ukubwa wa mlango, dishi ni lile lile. Ukubwa unatokana na setilaiti. Mawimbi yakifika na nguvu, dogo linatosha. Yakifika hoi, unahitaji sinia pana la kuyakusanya. Mtu huuliza kwanza: chaneli iko setilaiti gani, na hapa ninapoishi inataka futi ngapi? Wewe uliiuliza tepu.

Na huyo mwenye duka asikupande kichwani. Futi nane juu ya bati ni mwavuli uliofunguliwa kwenye upepo. Litang'oa misumari, na dishi kadiri linavyokuwa kubwa ndivyo linavyotaka kulengwa kwa usahihi zaidi. Likicheza kidogo tu, picha imekwenda. Dakika ya sabini binti anafunga goli, na wewe uko juu ya paa unauliza, "Imerudi?"

Chukua la futi sita. Lisimame chini, kwenye bomba la chuma lililozamishwa kwenye zege, na zege lipewe siku nne likauke kabla ya kubebeshwa mzigo. Zimebaki siku tisa. Shimo lichimbwe kesho.

Maana yake mkeo anaambiwa leo. Kaka yangu, unaogopa kamba ya nguo kuliko unavyoogopa mama kumkosa mwanawe? Na habari za kuzima umeme nisizisikie tena. Mwambie, "Mama Chenga, nilikosea kipimo, nikakudanganya, na sasa naomba ile sehemu yako." Atakusema. Nyamaza. Akimaliza, ihamishe kamba mwenyewe, papo hapo, hata kama bado amenuna.

Siku ya kulifunga, fundi atakuwa uani akilisogeza dishi kidogo kidogo, na lazima mtu akae mbele ya skrini akitazama mawimbi yanavyopanda, akipaza sauti dirishani: bado, bado, rudi kidogo, hapo! Kazi hiyo usiiguse. Mpe mama yake. Amengoja miaka mitatu, wa kusema "hapo!" awe yeye.