Salamu kwa Aliye Jikoni

Baba,

Spika zako bado ziko. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza kama tumekula. Ziko pale pale kando ya dirisha la sebule, hapa nyumbani Kapsoya, na vile vitambaa alivyofuma Mama bado viko juu yake. Lakini ilibaki kidogo ziondoke, na ndiyo maana nakuandikia.

Tangu tukuzike, Mama alihamia jikoni. Alikula huko, akapokea wageni huko, hata watu wa kanisa walipokuja kumwombea aliwapangia viti kati ya jiko na mlango wa nyuma. Sebuleni alipita tu akienda kulala, macho chini. Otieno akamuuliza kama auze amplifaya na spika, maana aliona zinamuumiza. Mama akasema, "Iende tu." Usimkasirikie kijana wako, Baba. Alichotaka ni mama yake arudi kukaa kwenye kiti chake. Mimi niliposikia habari hiyo kule Kesses, kazini kwenye mashine ya fotokopi, siku nzima nilikuwa nawafanyia wanafunzi fotokopi zilizopinda.

Tableti nilikuwa nayo mimi. Baada ya matanga, wajomba walisema irudi kwa aliyeinunua, na sikuwa na nguvu za kubishana. Niliiweka kabatini chini ya mashuka. Nilijaribu kuiwasha mara moja, mlio wake wa kuamka ukatoka kwenye mdomo wake mdogo, mwembamba mno, nikaizima kabla sijatazama kitu.

Unakumbuka nilivyokuletea? Nilifikiri utasomea magazeti. Wewe uliigeuza huku na huku, ukaniuliza sauti inatokea wapi, nikakuonyesha tundu la earphone. Wiki iliyofuata nilikuta umeshuka mjini ukapata waya, ncha moja huku na mbili kule, nyekundu na nyeupe, na tableti imeunganishwa na amplifaya ambayo ni mkubwa wa Otieno kwa umri. Mama alipoanza kujikwaa kwenye waya, ukatafuta kile kidude cha bluetooth, ukaagana na waya bila malalamiko. Watu wa rika lako walikuwa wakilia kwamba kaseti zimeisha na muziki umekufa. Wewe, karani mstaafu wa ghala la mahindi, ulikuwa umekaa na miguu juu ya stuli, ukiitisha benga yote iliyowahi kupigwa kutoka Kisumu hadi Homa Bay kwa kidole kimoja. Nilikustaajabia, Baba, na sikumbuki kama nilikwambia.

Ulikuwa na sheria zako. Tableti ijazwe sauti yake yote, na kupunguza au kuongeza kufanyike kwenye amplifaya tu. Laini ya simu isiingizwe humo, wimbo usije ukakatizwa na mtu anayetafuta namba ya fundi wa bomba. Stima ikipotea, tableti iingie kwenye sufuria ili sauti ipate tumbo, na Mama atafute chombo kingine cha kusongea ugali. Na mgeni akija asipige gumzo kabla wimbo haujaisha. Mimi ulinikalisha kati ya spika mbili ukaniambia, "Sikiza ile gitaa ya nyuma. Hiyo ndiyo inafanya kazi." Mpaka leo siwezi kusikia wimbo bila kuitafuta ile ya nyuma.

Mama naye akikuuliza, "Umekunywa tableti?" akimaanisha dawa ya presha, ulimjibu kwamba umeshaiwasha. Alikasirika kila mara. Ulifurahi kila mara.

Lakini kilichonichekesha kuliko vyote ni salamu. Pale juu mtu anapoandika jina la wimbo anaotafuta, wewe uliandika kama kadi za zamani za kutuma salamu redioni: Naomba wimbo ule wa harusi yetu, salamu zimfikie Mama Achieng' aliye jikoni, ujumbe ni kwamba chai imechelewa. Na ulizisoma kwa sauti ukiandika, neno kwa neno, kidole kikitafuta herufi. Tableti ikachanganyikiwa. Siku moja ilikuletea mahubiri. Siku nyingine mwanamke wa Tanzania akifundisha kupika biriani, ukamsikiliza hadi mwisho kwa heshima. Nilikueleza kwamba humo hakuna mtangazaji, andika jina la wimbo pekee. Ukaniuliza, "Kama hakuna mtu, ni nani ananiletea?" Na ulikuwa unacheka.

Jumamosi iliyopita mnunuzi alikuwa aje. Otieno alinipigia nilete tableti, mtu asikie kabla hajachukua. Nilitoka Kesses nikiwa na hasira ambayo sikujua ni kwa nani. Pale verandani nikaifungua nione kama ina chaji. Maandishi yako ya mwisho yalikuwa bado pale juu: Naomba ule wa harusi, salamu zimfikie aliye jikoni, ujumbe ni aje akae. Chini yake wimbo wenyewe, uliosimama katikati, pale ulipouachia.

Nikaubonyeza. Ulianza mikononi mwangu, kwa sauti ile nyembamba, na nilikuwa nimeshika mlango. Otieno alikuwa ndani amewasha amplifaya kuijaribu, hakugusa pa kuzungushia sauti. Nilipopiga hatua ndani, tableti ikakitambua kidude chako. Sauti ikatoweka mikononi mwangu na kutokea sebuleni, nzima, kwa kiwango chako, vioo vya kabati vikitetemeka.

Na Mama akaita kutoka jikoni, "Mzee, punguza hiyo kitu!"

Otieno alinyoosha mkono azime, nikamshika. Hapo ndipo nilipoelewa, Baba. Ulijua vizuri sana kwamba humo hakuna mtangazaji. Ulisoma zile salamu kwa sauti kwa sababu msikilizaji wako alikuwa upande wa pili wa ukuta.

Mama akaja na unga mikononi. Alisimama mlangoni kwa muda, akaja akaketi kwenye kiti chake, akalia kwa mara ya kwanza ndani ya sebule hiyo, na wimbo ukaendelea. Ulipoisha akasema, "Wacha ikae." Otieno akatoka nje kumpigia mnunuzi.

Sasa tableti imerudi kwenye kile kisimamio chako cha mbao, na haitatoka tena. Nakuahidi kuja kila Jumamosi. Nitaijaza sauti, nitazungusha kwenye amplifaya, na nitaandika salamu nikizisoma kwa nguvu ili aliye jikoni asikie. Lala vizuri, Baba yangu. Nimekuandikia na wewe salamu zako, leo, pale pale juu, na tableti imechanganyikiwa kama kawaida:

Mimi ni Achieng', nikiwa Kapsoya. Naomba ule wa harusi. Salamu zimfikie Mzee wangu popote alipo. Ujumbe ni kwamba aliye jikoni amekuja, amekaa.