Kabla Darasa la Kichina Halijafunguliwa

2 Februari

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwa mama yako. Hujambo? Mke wako na tumbo lake wanaendeleaje huko China? Mimi sijambo, saluni inakwenda, na mdogo wako anakula kama yuko mashindanoni.

Nakutumia barua kwa simu kwa sababu tukiongea unanikatiza. Nimejiandikisha darasa la Kichina, kwenye kile chuo cha jioni karibu na posta. Linafunguliwa mwezi wa nne. Usicheke! Kila Jumapili tunapoongea na mama mkwe wako, yule mama anasema mpaka anafuta macho, halafu wewe unanigeukia: "Anakusalimu." Salamu gani hiyo ya robo saa? Na mimi nikimweleza habari zangu zote, wewe unamtupia vineno viwili, basi. Nimechoka. Mjukuu anakuja, na sisi wawili ndio bibi zake. Nataka kuongea na bibi mwenzangu kwa mdomo wangu.

Mama yako


11 Februari

Mama,

Shikamoo. Barua nimeipata. Mimi sijambo, kazi ghalani ni ile ile ya kubeba masanduku. Mwenzangu hajambo, ila miguu inamvimba.

Mama, kwa heshima zote, hilo darasa liache. Ni la vijana wanaotafuta kazi. Kichina neno moja ukilipandisha sauti ni jambo hili, ukilishusha ni jambo lile. Mimi mwenyewe kilinitoa jasho, na ninaishi nacho. Watakucheka pale. Nipo mimi, nitaendelea kuwatafsiria. Pumzisha kichwa.

Mwanao


2 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mwambie mke wako akilala aweke miguu juu ya mto, na wewe uache kumwachia ndoo za maji. Sisi hapa wazima.

Kichwa changu hakijaomba likizo. Mwalimu alituambia siku ya kujiandikisha kwamba hatamsubiri mtu, basi nimeanza mwenyewe kabla hajatufungulia mlango. Masomo yapo kwenye simu, nasikiliza huku nasuka. Sauti ikipanda, napandisha mkono pamoja na nywele. Ikishuka, nakaza msuko kwenda chini. Juzi yule muuza vitambaa alipiga kelele: "Dada, kichwa changu si ubao!" Lakini alipoondoka alikuwa anahesabu mpaka kumi, akaenda kumtisha mumewe. Siku hizi wateja wananiita Mchina. Naitika.

Neno la "njoo" nimelipata safi, linapanda. La "nyumba" ninalo. La "mgonjwa" ninalo pia, lilikuwa kwenye somo la hospitali. Jumapili ijayo nitamsalimia mkwe mwenyewe, wewe kaa pembeni.

Mama yako


6 Machi

Mama,

Shikamoo. Hatujambo.

Jumapili hii hatutapiga, na zinazofuata pia sidhani. Mtandao unasumbua sana. Halafu tafadhali usijaribu kuongea na mama mkwe bila mimi. Wale ni watu wa namna nyingine, ukikosea neno moja mimi ndiye nitakayeaibika. Kuna mambo nimeyapanga kwa faida yetu sote. Ya huku niachie mimi.

Mwanao


30 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Ya kwangu safari hii usiulize, utayasoma humu humu.

Jumapili tatu ulikaa kimya. Jana, wewe ukiwa zamu ghalani, mke wako kanipigia mwenyewe kutoka kwa mama yake, mama huyo kakaa ubavuni. Mtandao wala haukukatika.

Yule mama akaanza kuongea, taratibu kabisa. Nikadaka maneno: mgonjwa, nyumba, kuja. Nikamuuliza kwa Kichina changu cha saluni: mgonjwa nani? Akaninyooshea kidole. Mke wako akamalizia kwa maneno machache ya kwetu aliyoyaokota kwako: tangu mfunge ndoa mama yake anaomba kuja kunisalimia, na wewe unamwambia Mama ni mgonjwa, Mama hapokei wageni.

Mimi! Mgonjwa! Na msuko wa mteja uko mkononi!

Nimelia, sikufichi. Unaionea aibu nyumba iliyokulea. Nikasema potelea mbali, leo ataiona. Nikabeba simu, nikamtembeza mkwe kila mahali: viti vya saluni vilivyochanika, kitanda changu, bati linalovuja na beseni lake chini. Mpaka choo nimemwonyesha! Akacheka huyo, akainuka, naye akanitembeza kwake: chumba kimoja, nguo zimeanikwa juu ya jiko, ukuta unabanduka rangi. Mwanangu, ulikuwa unamficha nani asimwone nani?

Nikamwambia njoo. Sauti ikapanda sawasawa. Nikalirudia neno mpaka mteja kwenye kiti akawa analisema na yeye. Mkwe akaitikia, akalia tena, na safari hii hakuna aliyeniambia kwamba ananisalimu. Mtoto akizaliwa na kupata nguvu, wanakuja wote watatu. Tumeshakubaliana, mkeo yuko upande wetu, na ukimgombeza nitajua, maana sasa tunapigiana.

Darasa linafunguliwa wiki ijayo, nami nakaa mstari wa mbele. Nataka siku wakifika niweze kubishana na mkwe kuhusu kumwogesha mjukuu, neno kwa neno, na nisishindwe.

Nimekukasirikia, na bado nimekasirika. Lakini kitanda chako kipo, nimekifulia shuka. Ukitaka kuja nao, njoo kama mtoto wangu. Ukalimani uuache huko huko.

Mama yako